Msiitumie Georgia kama mfano wa vita vilivyokwisha

Mhariri,

Tahariri yenu kuhusu Ukraine ilishauri mapigano yasimamishwe na mstari uchorwe pale majeshi yalipo, ikaitaja Georgia kuwa ushahidi kwamba njia hiyo inafaa: siku 5 za vita kati yake na Urusi Agosti 2008, mapatano, kisha utulivu. Kwa anayefuatilia Kaukazi, eneo la milima iliko Georgia, mfano huo unaibomoa hoja yenyewe. Georgia ndiko mahali pa kujifunza jinsi mstari wa kusimamisha vita unavyogeuzwa mpaka, kidogo kidogo, bila risasi nyingi na bila kamera za televisheni.

Nianze na mapatano, maana hutajwa sana na kusomwa kidogo. Yalisimamiwa na Nicolas Sarkozy, wakati huo Rais wa Ufaransa, tarehe 12 Agosti 2008, na yana vipengele 6 vifupi. Matatizo yote yamejificha kwenye cha 5. Kinasema majeshi ya Urusi yarudi yalipokuwa kabla ya vita, halafu hapo hapo kinaongeza kwamba mpaka utaratibu wa kimataifa utakapopatikana, Warusi watachukua hatua za ziada za usalama. Hatua gani, kwa muda gani, zifike kilomita ngapi? Haikuandikwa, na ramani haikuambatanishwa. Jeshi la Urusi likatumia mwanya huo kujiwekea ukanda wa ulinzi ndani ya Georgia, ikabidi Sarkozy asafiri tena kwenda Moscow tarehe 8 Septemba kupata makubaliano ya pili ndipo ukanda uondolewe mwezi Oktoba, waangalizi wa Umoja wa Ulaya walipokwisha kuwasili.

Wilaya ya Akhalgori, upande wa Ossetia Kusini, iliyokuwa chini ya serikali ya Georgia mjini Tbilisi hadi vita vilipoanza, haikurudishwa. Bonde la juu la Kodori, upande wa Abkhazia, nalo halikurudishwa. Tarehe 26 Agosti, wiki mbili baada ya mapatano, Urusi iliyatambua Ossetia Kusini na Abkhazia, majimbo mawili ya Georgia yaliyojitenga, kuwa nchi huru. Kuanzia siku hiyo Moscow ikawa na jibu kwa kila anayeuliza kipengele cha 5: askari wetu wako kwa mwenyeji wao, kwa mkataba. Mwaka 2010 ikatiwa saini mikataba ya kambi za kijeshi ya miaka 49, moja Ossetia Kusini, nyingine Abkhazia.

Nisieleweke kwamba Georgia ni malaika. Tume iliyoundwa na Umoja wa Ulaya chini ya mwanadiplomasia wa Uswisi, Heidi Tagliavini, ilitoa ripoti Septemba 2009 ikasema wazi kuwa vita vilianzishwa na mizinga ya Georgia kuupiga mji wa Tskhinvali, makao makuu ya Ossetia Kusini, usiku wa kuamkia tarehe 8 Agosti, na kwamba shambulio hilo halikuwa na uhalali katika sheria za kimataifa. Ripoti hiyo hiyo ikasema majibu ya Urusi yalivuka mipaka ya kujilinda, na kwamba miezi mingi ya uchokozi ilitangulia usiku ule. Ilikadiria watu wapatao 850 waliouawa kwa pande zote na zaidi ya 100,000 waliokimbia makazi. Waosseti, wenyeji wa Ossetia Kusini, nao wana kumbukumbu zao za nyuma zaidi. Bunge la Georgia liliufuta mkoa wao wenye utawala wa ndani tarehe 11 Desemba 1990, vita vya kwanza vikafuata, na mwaka 2004 Tbilisi ikalifunga soko la Ergneti, karibu na Tskhinvali, kwa hoja ya magendo. Hoja ilikuwa ya kweli, magendo yalikuwepo. Ila soko lile ndilo lilikuwa mahali pakubwa kuliko pote ambapo Mgeorgia na Mosseti walikuwa bado wanauziana unga na petroli, na halikuwekwa jingine badala yake.

Juu yao walikuwapo wakubwa. Kosovo ilitangaza uhuru Februari 2008, Marekani ikaitambua, Urusi ikasema hadharani kwamba mfano huo utarudi kwingine. Aprili mwaka huo NATO, ikikutana Bucharest, ikaahidi kuwa Georgia na Ukraine zitakuwa wanachama, bila kusema lini na bila kuzipa mpango wa maandalizi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ahadi mbaya kuliko zote zilizowezekana: ilitosha kuishtua Moscow, haikutosha kuikinga Tbilisi.

Sasa tuje kwenye mstari wenyewe. Ossetia Kusini ilipewa mipaka ya kiutawala mwaka 1922, chini ya utawala wa Kisovieti, na mipaka ya namna hiyo ilikuwa karatasi ya ofisini. Hakuna aliyepiga nguzo, kwa sababu hakuna aliyehitaji. Mkulima alikuwa na nyumba mkoa huu na shamba la matofaa mkoa wa pili, na makaburi ya wazazi popote walipozikwa. Aprili 2009 Urusi ilisaini makubaliano ya kulinda "mipaka" hiyo kwa niaba ya Ossetia Kusini na Abkhazia, na kazi ikapewa walinzi wa mpaka wa FSB, idara ya usalama ya Urusi. Wao hufuata ramani za jeshi la Kisovieti. Kwenye ramani ya kipimo cha 1 kwa 50,000, milimita moja ni mita 50 ardhini. Kwa hiyo unene wa wino peke yake unatosha kumeza uwanja wa nyumba na zizi. Ramani za miaka tofauti pia hazikubaliani, na ya kutumia huchaguliwa na upande mmoja, kisha haionyeshwi kwa mwingine.

Kazi yenyewe ina mpangilio unaorudiwa. Huanza na trekta au buldoza kufyeka na kulima mkanda wa udongo mtupu, na ukiuliza utaambiwa ni wa kuzuia moto wa nyika. Mara nyingi hufanyika mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu, hivyo maelezo yanaingia akilini. Baadaye vinakuja vibao vya kijani vyenye maandishi ya Kiingereza na Kigeorgia: mpaka wa taifa, kupita ni marufuku. Kibao hakizuii ng'ombe wala mtu, lakini kuanzia hapo anayepita anaweza kukamatwa kwa kosa la kuvuka mpaka. Halafu nguzo na seng'enge, au wavu wa chuma wa kijani, au mtaro pale ambapo trekta lingeweza kupenya. Mwisho kabisa ni kamera, vitambuzi na minara, na barabara ya doria nyuma yake inayounganisha kambi za walinzi. Mstari wa Ossetia Kusini una zaidi ya kilomita 350, mwingi ukiwa mlimani na msituni ambako uzio hauhitajiki. Uzio umewekwa penye watu, mashamba na njia. Amnesty International, katika ripoti yake ya mwaka 2019, ilihesabu vijiji visivyopungua 34 vilivyokatwa na familia kati ya 800 na 1,000 zilizopoteza mashamba yote au sehemu.

Kijiji cha Khurvaleti kinajulikana zaidi kwa sababu mwaka 2013 waya ulipita nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa miaka 80 hivi na kumwacha upande wa pili. Alikataa kuhama. Waandishi wa habari na mawaziri kutoka nje walikuwa wakizungumza naye kupitia seng'enge, jirani wakimpitishia mkate na dawa, hadi alipofariki mwaka 2021. Gugutiantkari, Agosti 2019, ilikuwa hali ile ile kwa familia nyingine: wafanyakazi wakafika na nguzo, wakaaji wakaambiwa waondoe vitu vyao.

Kukamatwa ndiko kunakouma kila siku, na kuna msimu wake. Masika watu hupanda msituni kuchuma jonjoli, maua ya kichaka ambayo Wageorgia huyatia chumvi na kuyala kama achari. Vuli ni uyoga. Mwaka mzima ni ng'ombe. Ng'ombe akipita pasipo na waya, mwenyewe anamfuata, doria inamchukua. Utaratibu wa kawaida ni kupelekwa Tskhinvali, kukaa mahabusu siku chache, kuhukumiwa, kulipa faini ya rubli 2,000 hivi na kuachiwa kwenye kituo cha kuvukia. Risiti ya faini ndiyo shabaha. Kila anayelipa anaacha karatasi inayosema alivunja mpaka wa nchi, na karatasi hizo sasa ni nyingi. Asiyekubali anakaa zaidi. Novemba 2019 daktari mmoja kutoka Tbilisi, aliyekuwa akienda kuwaona wagonjwa Akhalgori, alikataa kutamka kwamba amevuka mpaka wowote. Aliachiwa mwisho wa Desemba. Wengine wamefungwa miaka. Na wako waliokufa: mwaka 2016 Mgeorgia alipigwa risasi Khurcha, kwenye mstari wa Abkhazia, mwaka 2018 mwingine alifia mikononi mwa waliomkamata Tskhinvali, Novemba 2023 mwingine akauawa karibu na kijiji cha Kirbali alipokwenda kwenye kanisa la kale la Lomisi. Kwa nchi ambayo tahariri iliita tulivu, hiyo ni orodha ndefu.

Akhalgori inastahili aya yake, kwa sababu inaonyesha namna kituo cha kuvukia kinavyotumika kama bomba lenye koki. Wakazi wengi waliobaki ni Wageorgia. Kwa zaidi ya miaka 10 waliruhusiwa kwenda na kurudi kwa kibali, wakichukua pensheni zao upande wa Georgia, wakinunua dawa, wakiwatembelea watoto. Agosti 2019 polisi wa Georgia walifungua kituo karibu na kijiji cha Chorchana, kilomita nyingi magharibi, mahali ambapo Tskhinvali inadai kuwa ni kwake. Tskhinvali ikatoa muda wa mwisho kiondolewe. Hakikuondolewa. Tarehe 4 Septemba vituo vya kuvukia vikafungwa, vya Akhalgori vikiwamo, ingawa watu wa Akhalgori hawakuhusika kabisa na ugomvi wa Chorchana. Pensheni ikakatika. Mgonjwa aliyekuwa akifikishwa hospitali za Tbilisi sasa alisubiri kibali, au akapelekwa Tskhinvali, na Mtetezi wa Haki za Umma wa Georgia ameeleza vifo vya wazee waliocheleweshwa. Ufunguzi ulirudi Agosti 2022, kwa siku chache za mwisho wa kila mwezi. Anayeugua tarehe 3 hana bahati.

Abkhazia mambo yalikwenda hivyo hivyo. Mwaka 2017 vituo viwili vya mto Enguri, kwenye mstari, vilifungwa, watu wa wilaya ya Gali, upande wa Abkhazia, wakabaki kusongamana darajani. Aprili 2021, vituo vikiwa vimebanwa kwa sababu ya korona, watu 4 walizama wakijaribu kuvuka mto.

Halafu kuna mafuta. Julai 2015, karibu na vijiji vya Orchosani na Tsitelubani, kwenye mstari wa Ossetia Kusini, vibao vilisogezwa mita mia kadhaa kuelekea kusini. Asubuhi yake kilomita 1.6 za bomba la Baku hadi Supsa, lililokuwa likisafirisha mafuta ya Azerbaijan kwenda Bahari Nyeusi na kuendeshwa na kampuni ya BP, zikawa upande wa pili wa kibao. Bomba limefukiwa, mafuta hayakusimama hata saa moja, na ndiyo maana habari ilikufa haraka. Lakini fundi wa kukarabati kipande hicho sasa anamhitaji mtu mwingine amruhusu. Vibao hivyo viko karibu nusu kilomita kutoka barabara kuu inayounganisha mashariki na magharibi ya Georgia. Mtu hahitaji kifaru kuikata nchi vipande viwili akiwa umbali huo.

Mtauliza waangalizi wako wapi. Wapo. Umoja wa Ulaya uliwatuma kuanzia tarehe 1 Oktoba 2008, zaidi ya 200, bila silaha, na mamlaka yao kimaandishi ni Georgia yote. Hawajawahi kuruhusiwa kufanya doria ng'ambo. Ujumbe wa OSCE, shirika la usalama na ushirikiano la Ulaya, na ule wa Umoja wa Mataifa, ambao walikuwa na watu pande zote mbili, uliisha mwaka 2009 kwa sababu Urusi ilikataa kuongeza muda wake. Wa Umoja wa Mataifa uliangushwa kwa kura ya turufu mwezi Juni. Hapo ndipo kosa kubwa lilipotokea, na tahariri za kupendekeza mistari hulisahau: mwangalizi wa upande mmoja anaona uzio ukikua, anaupima, anaupiga picha, anaandika ripoti, basi.

Kinachofanya kazi ni vitu vidogo. Kuna simu ya dharura inayosimamiwa na waangalizi, inayopigwa saa yoyote mtu anapopotea au mchimba mtaro anapoonekana, na imewaokoa wengi wasifike Tskhinvali. Kuna mikutano ya kuzuia matukio, iliyokubaliwa Februari 2009, inayofanyika Ergneti, ambako ajenda huweza kuwa ng'ombe, maji ya kumwagilia au bwawa la Zonkari. Mikutano kama hiyo ya Gali imesimama tangu 2018. Mazungumzo ya Geneva, yaliyoanza Oktoba 2008, bado yanaendelea, na wajumbe wamezoea kutoka nje ya chumba kila suala la wakimbizi linapotajwa.

Ajabu ni kwamba kuna jambo moja kubwa ambalo maadui hawa wamelimudu, tena bila karatasi. Bwawa la Enguri, ukuta wa zege wa mita 271.5, liko upande wa Georgia. Maji yake huingia kwenye handaki la kilomita 15 hivi, hupita chini ya mstari, na mitambo 5 yenye jumla ya megawati 1,300 iko wilaya ya Gali, mikononi mwa Abkhazia. Mwenye bwawa bila mitambo hana umeme, na mwenye mitambo bila bwawa hana maji. Kwa hiyo tangu miaka ya 1990 wanagawana: asilimia 60 Georgia, 40 Abkhazia, kwa mdomo tu. Mgao huo unakwenda mrama majira ya baridi, theluji inapokuwa haijayeyuka na mto umepungua, wakati Waabkhazi wanapasha nyumba joto kwa umeme wa bei ya chini sana, na kompyuta za kuchimba sarafu za kidijitali zinakula usiku na mchana. Hapo Abkhazia huchukua zaidi ya sehemu yake, wakati mwingine karibu yote. Mwanzoni mwa 2021 handaki lilifungwa kama miezi mitatu kukarabatiwa, na pande zote zikakubaliana ratiba. Desemba 2024 Abkhazia ilikaa gizani kwa sehemu kubwa ya siku hadi Urusi ilipotuma umeme wa msaada, na hiyo ilikuwa wiki chache baada ya wananchi wa Sukhumi, mji mkuu wa Abkhazia, kulivamia bunge kupinga mkataba wa uwekezaji na Urusi na kumng'oa rais wao, Aslan Bzhania. Msione Waabkhazi kama vibaraka tu. Wanaitaka Urusi mlangoni, hawaitaki chumbani.

Mahakama nazo zimesema. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua Januari 2021 kwamba Urusi ilikuwa na udhibiti wa maeneo hayo baada ya tarehe 12 Agosti 2008, na Aprili 2024 ikaamua kesi ya uzio wenyewe: ukamataji, vifo, mashamba, watoto kunyimwa masomo kwa Kigeorgia. Urusi ilikuwa imeshaondoka Baraza la Ulaya mwaka 2022, hivyo hukumu iko kabatini. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo wasomaji wa Kenya wanaijua vizuri, iliifanya Georgia kuwa uchunguzi wake wa kwanza nje ya Afrika mwaka 2016, na Juni 2022 ikatoa hati za kuwakamata maofisa watatu wa Ossetia Kusini kwa kuwashikilia na kuwatesa raia wa Kigeorgia. Hakuna aliyekamatwa.

Tahariri ilimalizia kwa kusema Afrika inajua thamani ya kukubali mistari ilivyo. Ni kweli, Mwalimu Nyerere ndiye aliyesimamia azimio la OAU huko Cairo Julai 1964 la kuheshimu mipaka iliyorithiwa. Balozi wa Kenya Umoja wa Mataifa wakati huo, Martin Kimani, alirudia hoja hiyo Baraza la Usalama tarehe 21 Februari 2022, siku Urusi ilipoitambua Donetsk na Luhansk za Ukraine kuwa nchi huru kwa fomula ile ile ya Agosti 2008. Lakini azimio la Cairo linatetea mpaka uliokuwepo siku ya uhuru. Kwa kipimo hicho mpaka wa Georgia ni ule wa 1991, unaopita kileleni mwa Kaukazi kwenye handaki la Roki, na waya wa Khurvaleti hauna pa kushika. Ukitaka kuwatetea Waosseti utafute hoja nyingine, na ipo: Tanzania hiyo hiyo iliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, Aprili 1968, kwa hoja kwamba dola ikishindwa kuwalinda raia wake haiwezi kuwalazimisha wabaki. Hizo ni hoja mbili zinazopingana, zote zetu, na tahariri imechanganya ya kwanza na mstari ambao ya kwanza inaukataa.

Mwisho, jambo la vitendo kwa vijana wetu wanaosoma Urusi, maana likizo za Sochi zinawavutia. Kutoka Sochi hadi kivuko cha Psou ni karibu, na ng'ambo ni fukwe za Abkhazia. Kwa sheria ya Georgia ya Oktoba 2008, mgeni anaruhusiwa kuingia Abkhazia kutokea Zugdidi, upande wa Georgia, tu. Kuingia kwa Psou ni kosa la jinai lenye faini au kifungo, na ukija kutua Tbilisi ukiwa na ushahidi wa safari hiyo kwenye pasipoti au simu utaulizwa. Upande wa Urusi nao, viza yako iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwani ukivuka Psou umetoka Urusi. Mwenye viza ya mara moja hatarudi darasani.

Msomaji wenu,
Morogoro